Shajara ya mradi: kutabiri hatima ya mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo kwa alama za kliniki

Mwanzo wa Januari

Tumeanza. Tunataka fomu ya ukurasa mmoja ambayo muuguzi au daktari wa zamu ataijaza ndani ya saa ya kwanza baada ya mtoto kufikishwa akiwa na homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Fomu hiyo ionyeshe mtoto huyu yuko katika hatari kiasi gani ya kufa au kubaki na ulemavu. Hatubuni alama mpya kwa sasa, yaani namna mpya ya kujumlisha pointi za hatari. Tunazichukua zilizokwisha kuchapishwa, tunazilinganisha, na kuona zipi zinabeba uzito hata pale majibu ya maabara yanapochelewa. Baadaye tutaomba ruhusa ya kamati ya maadili ili tuzijaribu kwenye mafaili ya wagonjwa halisi. Mpaka hapo, kila mtoto atakayetajwa humu ni wa mfano, tumemtunga wenyewe ili kuipima fomu.

Naandika kwanza sababu, ili tukichoka tuisome tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wanaougua homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mmoja hufa, na mmoja kati ya 5 hupata madhara makubwa. Hizo ni namba za jumla. Kuna mahali hali ni mbaya zaidi: katika jaribio la deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, lililofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2002, likiwa na watoto 602, waliopewa dawa hiyo na wasiopewa walikufa kwa kiwango kile kile, 31%. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Ukisoma tafiti za namna hii moja baada ya nyingine, kinachojirudia ni kwamba hatima ya mtoto inategemea sana hali aliyofika nayo. Alikuwa macho au amezimia? Alishapata degedege? Ameumwa siku ngapi kabla ya kuletwa? Mambo haya yanajulikana dakika ile ile mtoto anapolazwa kitandani, na hayahitaji mashine. Hapo ndipo tunapotaka kuanzia.

Januari, katikati

Leo tumekaa na alama za Herson na Todd, za mwaka 1977. Zilitengenezwa kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo ya *Haemophilus influenzae*, enzi ambazo chanjo dhidi ya bakteria huyo (Hib) haikuwepo, na hadi leo watafiti huzitumia kama kipimo cha kulinganishia alama mpya. Zina mambo tisa. Koma nzito, alama 3. Joto la mwili chini ya nyuzi 36.6, alama 2. Degedege, alama 2. Mshtuko wa mzunguko wa damu, yaani ile namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 60, alama 1. Umri chini ya miezi 12, alama 1. Chembe nyeupe chini ya 1,000 katika maji ya uti wa mgongo, alama 1. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, chini ya 11, alama 1. Sukari ya maji ya uti wa mgongo chini ya miligramu 20 kwa desilita, nusu alama. Kuumwa zaidi ya siku 3, nusu alama. Anayefikisha 4.5 au zaidi anahesabiwa kuwa hatarini.

Yapo mambo mawili humo ambayo mtu asiyezoea ugonjwa huu hushangaa kuyakuta. La kwanza ni joto. Nyuzi 36.6 si baridi, wengi wangesema mtoto hana homa na wakashukuru. Lakini mtoto mchanga au aliyedhoofu ambaye bakteria wamemjaa kwenye utando wa ubongo na bado mwili hauchemki, mwili huo umeshindwa kupigana. La pili ni chembe nyeupe. Tumezoea kuona usaha mwingi kama dalili ya ubaya, kumbe hapa chembe chache ndizo zinazopewa alama. Maana ni ile ile: bakteria wapo, askari hawajafika.

Tumetunga watoto wawili na kuwapitisha kwenye fomu. Wa kwanza ana miezi 8, kaugua siku 4, kapata degedege njiani, hemoglobini 9, joto 38.5, hajazimia. Maji ya uti wa mgongo bado hayajatolewa. Degedege 2, umri 1, siku za kuumwa 0.5, hemoglobini 1. Jumla 4.5, tayari kafikia kiwango cha hatari kabla ya sindano ya mgongo. Maabara ikirudisha chembe 400 na sukari 10, anapanda hadi 6.

Wa pili ana miaka 4. Kazimia kabisa, haitiki hata akifinywa. Kaumwa siku mbili, hajapata degedege, hemoglobini 12, joto 39, presha nzuri, chembe za maji ya mgongo 3,000, sukari 30. Anapata 3, zote kutokana na koma. Kwa kiwango cha 4.5, mtoto huyu hayumo hatarini.

Tumelitazama jibu hilo kwa muda mrefu. Hakuna mtu mwenye akili timamu wodini atakayemwacha mtoto huyo kitanda cha mwisho. Alama ilifanya kazi yake kwa wastani wa kundi ilikotoka, na wastani hauoni kila mtoto. Tumeandika kanuni ya kwanza ya fomu: koma nzito peke yake inatosha kumweka mtoto kwenye kundi la hatari, hata jumla isemeje.

Mwisho wa Januari

Sehemu ya fahamu imetuchukua muda kuliko zote, na inastahili.

Skeli ya Glasgow ya mwaka 1974, ya Teasdale na Jennett, inahesabu kuanzia 3 hadi 15: macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6. Kwa mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto asiyejua kusema bado, lile swali la maneno halina mshiko. Ndiyo maana Malawi, madaktari waliokuwa wakihangaika na malaria ya ubongo, akiwemo Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, walitoa skeli ya Blantyre, iliyochapishwa mwaka 1989. Hiyo inaishia 5, nayo inamfaa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo pia, kwani inapima fahamu bila kujali kilichoizima.

Namna inavyofanyika: unabonyeza mfupa wa kifua kwa kifundo cha kidole, au unabana kitako cha ukucha kwa penseli. Mtoto akipeleka mkono pale panapouma ili aondoe kinachomuumiza, mwendo ni 2. Akivuta tu kiungo, 1. Asipofanya lolote la maana, 0. Kisha sauti: kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumizwa ni 2, kuguna au kulia kusikoeleweka ni 1, kimya ni 0. Mwisho macho: yakimfuata mama usoni ni 1, yasipofuata 0. Jumla ya 2 au chini yake huhesabiwa koma.

Uzuri wake ni kwamba unahitaji kidole, penseli na uso wa mama. Ugumu wake uko kwenye ile tofauti ya 2 na 1 upande wa mwendo. Kupeleka mkono panapouma na kuvuta mkono vinafanana ukitazama haraka. Tumekubaliana fomu isiulize "mwendo: 0, 1, 2". Iulize: "Ukibonyeza kifua, mkono wa mtoto unakuja kwenye kidole chako?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Liko pia suala la kilichotangulia kipimo. Mtoto aliyetoka kwenye degedege dakika chache zilizopita atakuwa amelegea bila kuwa kwenye koma ya kweli. Aliyechomwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, atalala. Mwenye sukari ya damu iliyoshuka atazimia, na akipewa glukosi anaweza kuamka mbele yako. Watatu hao wakipimwa kwa haraka wote wanapata 1, na kila mmoja ana hatima yake. Kwa hiyo mstari wa fahamu utakuwa na visanduku vitatu pembeni: saa ya degedege ya mwisho, dawa ya degedege iliyotolewa na saa yake, sukari ya damu. Na kipimo kirudiwe baada ya degedege kutulia na sukari kurekebishwa, alama ya pili iandikwe karibu na ya kwanza bila kuifuta.

Februari, mwanzoni

Zimekuja alama nyingine mbili ambazo watu huchanganya na kazi yetu. Alama ya homa ya uti wa mgongo ya bakteria iliyotoka Marekani mwaka 2002 na kupimwa tena mwaka 2007 kwa zaidi ya watoto 3,000 inajibu swali jingine: je, ugonjwa huu ni wa bakteria au wa virusi? Inasaidia kujua nani hahitaji dawa za bakteria. Haisemi nani atakufa. Tumeiweka kando.

Ile ya Glasgow ya mwaka 1987 (si skeli ya fahamu) kwa sepsisi ya meningokoki, mmoja wa bakteria wa ugonjwa huu, inatabiri kifo kweli, lakini kwa bakteria walioingia kwenye damu, ndiyo sepsisi yenyewe. Inanivutia kwa jambo moja: mtoto asiye na shingo iliyokakamaa huongezewa alama 2 za hatari. Kwa mzazi hiyo huonekana kama nafuu. Kwa meningokoki aliyeko kwenye damu, kukosekana kwa dalili za utando wa ubongo kunaweza kumaanisha kwamba ugonjwa unakimbia kuliko mwili unavyoweza kuonyesha. Hatutaichukua nzima, ila fomu itakuwa na swali la vipele vya damu visivyofifia ukivibonyeza, na akiwa navyo, anaangaliwa kwa njia ya sepsisi.

Tunaichukua kwa uzito skeli ya Luanda, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Angola na Finland. Imejengwa juu ya yale yanayoonekana na kuulizwa kitandani, bila kusubiri maabara, na imetoka kwenye wodi ambako watoto wengi hufika wakiwa wamechelewa. Hiyo ndiyo roho ya tunachotafuta.

Februari, mwishoni

Tumebishana kuhusu neno "matokeo". Tafiti nyingi huunganisha kifo na ulemavu mkubwa kuwa fungu moja, "matokeo mabaya", kwa sababu hesabu inakuwa na matukio mengi na modeli, yaani hesabu ya utabiri, inatulia. Mtakwimu wetu alitetea hilo kwa hoja nzuri. Mimi nimesimama upande mwingine na bado nipo hapo: dalili zinazotabiri kifo na zile zinazotabiri uziwi si zile zile, na hatua za kuchukua si zile zile. Mtoto anayeelekea kufa anahitaji mtu wa kumkalia karibu usiku huu. Mtoto atakayepoteza usikivu anahitaji kupimwa masikio kabla hajapotea kwenye orodha ya walioruhusiwa.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yaligawa madhara makubwa kwa aina ya bakteria: nyumokoki karibu 25% ya walionusurika, Hib karibu 10%, meningokoki karibu 7%. Humo mnahesabiwa uziwi wa masikio yote mawili, kupooza, kifafa, upofu, kichwa kujaa maji na kushuka kwa uwezo wa akili. Na uziwi ndio unaoongoza kwa wingi. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiyesikia anacheka, anakula, anamtazama mama yake. Anaonekana amepona. Sikio la ndani lililochomwa na ugonjwa linaweza kuanza kugeuka mfupa ndani ya wiki chache, na likishajaa mfupa, hata kifaa cha kupandikiza huwa kigumu kuingiza.

Tumeafikiana: fomu itakuwa na safu mbili, kifo na ulemavu, hata kama hesabu ya safu ya pili itachelewa kukomaa. Kipimo cha kusikia hakitategemea alama kabisa. Kila mtoto apimwe kabla ya kutoka au ndani ya wiki 4, awe alipata 0 au 10.

Machi

Mwezi wa hesabu. Naandika mfano mmoja kwa urefu kwa sababu kila mtu aliyeuona amebadilisha namna anavyosoma alama hizi.

Tuseme alama fulani inakamata 80% ya watakaokufa, na inawaacha kwa usahihi 80% ya watakaopona. Ipeleke mahali ambapo kati ya watoto 1,000 wanakufa 300. Itawanyooshea kidole 240 kati ya hao 300. Kati ya 700 watakaopona, itawanyooshea kidole 140 kimakosa. Jumla 380 wamewekwa kwenye kundi la hatari, na 240 kati yao, yaani 63%, ni kweli. Sasa ipeleke alama ile ile mahali ambapo wanakufa 50 kati ya 1,000. Inakamata 40. Kati ya 950 watakaopona inawatisha 190. Kundi la hatari lina watoto 230, na walio kweli hatarini ni 40 tu, 17%.

Alama haijabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana sentensi kama "alama hii ina usahihi wa asilimia kadhaa" hainiambii chochote mpaka nijue imepimwa kwa watoto gani. Kuwapanga watoto kutoka aliye salama zaidi hadi aliye hatarini zaidi, hilo alama nzuri huweza kuhama nalo. Kusema "huyu ana uwezekano wa 40% wa kufa", hilo halihami bila kurekebishwa kwa takwimu za mahali husika. Fomu yetu haitaandika asilimia mpaka tuwe na data zetu. Itaandika makundi matatu: hatari ya kawaida, hatari kubwa, hatari kubwa sana.

Ukubwa wa sampuli: kanuni ya zamani husema uwe na angalau matukio 10 kwa kila jambo unalolipima. Ukitaka kupima mambo tisa ya Herson na Todd upya, unahitaji vifo 90 hivi, na vifo, si watoto. Siku hizi wataalamu wanakokotoa kwa njia makini zaidi, lakini hata kanuni hiyo pekee imetufanya tupunguze maswali. Mwongozo wa TRIPOD wa mwaka 2015, unaoeleza namna ya kuripoti modeli za utabiri, tumeubandika ukutani.

Aprili

Data zinazokosekana. Sikutegemea kama sehemu hii ingekuwa na uchungu kiasi hiki.

Mtoto aliye kwenye koma nzito au mshtuko hatolewi maji ya uti wa mgongo mara moja, ni hatari kwake. Anaanzishiwa dawa, sindano ya mgongo inasubiri hali itulie. Wengine haitulii. Kwa hiyo faili lisilo na majibu ya maji ya mgongo mara nyingi ni la mtoto aliyekuwa mahututi kuliko wote. Ukisema "tutachambua wenye data kamili tu", umewatoa wale hasa uliotaka kuwatabiri, na alama itaonekana nzuri kwa sababu imebaki na walio na nafuu.

Tumeamua mambo mawili. Fomu ya kwanza isiwe na kitu chochote cha maabara isipokuwa sukari ya damu na hemoglobini, ambavyo hupimwa kwa tone la kidole. Na kwenye uchambuzi, sababu ya kipimo kukosekana iandikwe kwa maneno: "hali mbaya mno", "mzazi alikataa", "vifaa havikuwepo". Hizo ni hali tatu tofauti na zinabeba habari tofauti.

Jambo jingine la kukaa nalo: tukifanikiwa, alama itaonekana imeharibika. Mtoto anapewa alama kubwa, anasogezwa karibu, anapimwa kila saa, degedege linakamatwa mapema, anapona. Kwenye jedwali ataingia kama utabiri uliokosea. Huko ndiko tunakotaka kufika, ila lazima tuandike huduma aliyopata kila mtoto, la sivyo mtu atakayekuja baada yetu atasema alama haifai.

Mei

Tumekaa na wauguzi na watoto wa mfano kwenye karatasi. Sista anayesimamia zamu za usiku alisoma ukurasa wote kimya, kisha akauliza: "Daktari, dawa ya kwanza inachomwa kabla ya fomu au baada ya fomu?"

Nikamjibu kabla. Akasema, "Basi iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa. Usiku watu wanafuata karatasi inavyokwenda."

Alikuwa sahihi. Mstari wa kwanza wa fomu sasa ni: DAWA YA BAKTERIA IMETOLEWA SAA ____. Ukiwa haujajazwa, hairuhusiwi kuendelea chini.

Muuguzi mwingine alitaka kujua siku za kuumwa zihesabiwe kuanzia wapi, homa au kukataa kunyonya. Mama mmoja atasema juzi, bibi atasema tangu wiki iliyopita. Tumeandika: "Tangu siku mtoto alipoacha kuwa kama kawaida yake, kwa maneno ya anayemlea." Halina usahihi wa saa, lakini wauguzi wote waliojaribu walipata jibu moja kwa mtoto yule yule wa mfano, na kwa alama inayotaka kujua tu kama siku zimezidi 3 hilo linatosha.

Juni

Toleo la fomu limekwenda kwa kamati ya maadili pamoja na maombi ya kusoma mafaili.

Upande wa nyuma wa ukurasa ndio ninaoupenda zaidi. Una nini cha kufanya. Hatari kubwa sana: kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, fahamu na upumuaji kila saa, sukari irudiwe, dawa ya degedege iwe tayari kando ya kitanda, daktari mkubwa aitwe sasa. Hatari kubwa: vile vile, lakini kila saa mbili. Hatari ya kawaida: kila saa nne, na alama zirudiwe baada ya saa 24 na 48, maana mtoto anayeshuka fahamu siku ya pili anaeleza zaidi kuliko alivyoeleza mlangoni.

Chini yake tumeweka sanduku lenye maneno ambayo kila mmoja wetu ametia saini: alama kubwa hairuhusu kumnyima mtoto kitanda, oksijeni, dawa wala rufaa. Mmoja wetu aliuliza kama kweli ni lazima kuandika hivyo. Ni lazima. Karatasi yenye namba ikikutana na wodi iliyojaa, kuna mtu atakayeisoma kinyumenyume, aone 9 na aseme huyu hana matumaini, tumhudumie mwenye 2. Utabiri huu umetengenezwa ili mwenye 9 apate zaidi.

Ruhusa ikitoka, tutaanza na mafaili ya waliofariki, tuangalie ni mambo gani kati ya yale ya saa ya kwanza yalikuwa yameandikwa tayari na yapi hayakuulizwa. Maswali ambayo hayakuulizwa yatapanda juu ya fomu. Safu ya ulemavu itasubiri mpaka kliniki ya ufuatiliaji ikubali kutuandikia matokeo ya masikio kwa kila mtoto, na barua ya kuwaomba imeshaandikwa, inasubiri saini mbili.